Giovanni Bottesini: mtu aliyeifundisha besi kubwa kuimba, na usiku wa Aida jijini Cairo

Nyuzi Tatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila tukizungumza muziki wa okestra humu jukwaani, majina ni yale yale: Mozart, Beethoven, Verdi. Wale wanaosimama nyuma kabisa, wamekumbatia vyombo vinavyowapita kimo, hakuna anayewataja. Leo namleta mmoja wao, naye ni Giovanni Bottesini, Mwitaliano aliyezaliwa Crema tarehe 22 Desemba 1821 na kufariki Parma tarehe 7 Julai 1889.

Kwa asiyekifahamu chombo chenyewe, ni ile besi ya kusimama, wengine huiita dabo besi. Waliozoea taarab asilia ya Zanzibar wameiona ikidonolewa kwa vidole nyuma ya fidla na akodiani. Kwenye okestra za Ulaya hupigwa zaidi kwa upinde. Kazi yake ya kila siku ni kushika sauti ya chini kabisa ili wengine wapate pa kusimama. Uzi wake mnene kwenye besi ya nyuzi nne hutetema takriban mara 41 tu kwa sekunde, sauti ambayo unaisikia kifuani kabla haijafika sikioni.

Bottesini wamembandika jina la "Paganini wa besi". Mimi nadhani jina hilo linampunja. Paganini, gwiji wa fidla wa Kiitaliano, alisifiwa kwa miujiza ya vidole. Bottesini alikuwa mtu wa opera tangu utosini hadi unyayoni: alizitunga, aliziongoza, alikula na kulala nazo. Alipoishika besi, alikuwa anamtafuta mwimbaji ndani yake. Huo ndio msimamo wangu katika uzi huu, anayepinga tutapingana kwa hoja.

Kutoka Crema hadi Milano

Crema ni mji mdogo wa Lombardia, na wakati huo Lombardia ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Baba yake, Pietro, alikuwa mpiga klarineti na mtunzi. Mtoto akaanza na fidla, akaimba kwaya, akapiga na ngoma za timpani.

Mwaka 1835 baba alitaka kumpeleka kwenye chuo cha muziki cha Milano. Familia haikuwa na uwezo wa kulipa, ikabidi kutegemea nafasi za ufadhili, na nafasi zilizobaki zilikuwa mbili tu: fagoti (chombo cha kupuliza cha sauti ya chini) na besi kubwa. Fidla haikuwemo. Kijana wa miaka 13 akachagua besi, akajifua kwa wiki chache, akaenda kwenye usaili. Inasimuliwa kwamba alipokosea sauti mbele ya wasaili aliwaambia anajua kabisa kwamba amekosea, ila siku atakapojua pa kuweka vidole halitatokea tena. Wakampa nafasi.

Hapo naomba mtulie kidogo. Mtu ambaye dunia ilikuja kumtambua kwa chombo hiki hakukichagua kwa mapenzi. Alikikuta mlangoni. Na aliingia nacho akiwa na masikio ya mpiga fidla na mwanakwaya. Mpiga besi aliyelelewa na besi tangu mwanzo huwaza nguzo. Yeye aliwaza wimbo.

Mwalimu wake wa besi aliitwa Luigi Rossi, na utunzi alisoma kwa Nicola Vaccai miongoni mwa wengine. Mwaka 1839 alitoka chuoni mapema kuliko ilivyokuwa desturi, mkononi ana zawadi ya faranga 300 kwa upigaji bora. Zawadi hiyo, pamoja na mkopo kutoka kwa ndugu, ikaenda kwenye besi iliyotengenezwa na Carlo Antonio Testore wa Milano mwaka 1716. Inasimuliwa kwamba chombo hicho kilikuwa kimetelekezwa nyuma ya jukwaa la ukumbi wa vikaragosi. Kilikuwa na nyuzi tatu, ndiyo maana nami nikajiita hivi humu. Alizunguka nacho karibu maisha yake yote. Kwa umri, chombo kilimzidi zaidi ya miaka mia moja.

Naendelea hapo chini, msikimbie.

---

Kijana wa Kwaya

Mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Swali kabla hujaendelea: kwa nini nyuzi tatu? Besi zote ninazoziona zina nne.

---

Upinde

Mleta uzi akiruhusu nijibu hili, kwa sababu nami napiga besi.

Karne ya 19 huko Italia na Uingereza besi ya nyuzi tatu ilikuwa jambo la kawaida. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama, nene, na ule wa nne wa chini ulikuwa mzito kuutetemesha kwa upinde na sauti yake haikuwa safi. Ukiuondoa, mbao za chombo hupumua, sauti ya nyuzi zilizobaki hufunguka. Unapoteza noti za chini kabisa, unapata chombo kinachoitika haraka.

Bottesini akaongeza jambo la pili. Alikaza nyuzi zake juu kuliko kawaida, mara nyingi kwa toni nzima (hatua moja nzima ya ngazi ya muziki), wakati mwingine zaidi. Uzi ukikazwa hung'ara. Mpaka leo wapiga besi wanaocheza peke yao mbele ya okestra hutumia nyuzi maalumu zilizokazwa toni moja juu ya zile za kwenye okestra. Kwa hiyo ile koncheto yake ya pili (utungo wa mpigaji mmoja mbele ya okestra), inayoitwa ya B ndogo kwa ufunguo wake, mpiga besi anasoma karatasi iliyoandikwa A ndogo huku anayemsindikiza kwa piano anasoma B ndogo. Mara ya kwanza nilipojaribu na rafiki yangu wa piano tulipeana karatasi zisizo sahihi na tukashindwa kuelewana kwa dakika kumi nzima.

Kuhusu ugumu wenyewe, nitatoa hesabu moja. Uzi wa fidla una urefu wa takriban sentimita 33 kati ya daraja na shingo. Wa besi unafika mita moja na ushei. Kutoka uzi mtupu hadi toni nzima ya kwanza, mpiga fidla anasogea sentimita tatu na nusu hivi. Mpiga besi anahitaji kama sentimita 11. Ni shubiri nusu kwa hatua moja ya wimbo.

---

Nyuzi Tatu (mleta uzi)

Upinde, asante sana, umeifafanua kuliko ambavyo ningeweza. Nami niongezee kwenye hiyo hesabu, maana hapo ndipo ujanja wa Bottesini ulipo.

Zile sentimita 11 ni chini, karibu na kichwa cha chombo. Ukipanda oktava moja (ngazi nzima ya noti nane) umbali unabaki nusu. Ukipanda oktava mbili unabaki robo, sasa uko kwenye sentimita tatu kasoro, yaani umekaribia hali ya mpiga fidla. Kule juu mkono unaachia shingo, kidole gumba kinakuja mbele na kubana uzi chenyewe. Bottesini alihamia huko. Aliandika nyimbo zake nyingi katika eneo ambalo wapiga besi wengi wa wakati wake hawakuwa na sababu ya kulikanyaga.

Halafu kuna zile sauti za kioo. Unagusa uzi kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, mahali ambapo uzi umegawanyika nusu, theluthi, robo, na kinachotoka ni sauti nyembamba inayoelea kama filimbi. Uzi mrefu unazo nyingi na zinasikika vizuri kuliko kwenye fidla. Aliyeandika kazi kama Tarantella yake alikuwa anajua kila kona ya uzi ule inakaa sauti gani.

Hata ushikaji wa upinde ulikuwa tofauti. Domenico Dragonetti wa Venezia, gwiji aliyemtangulia, alishika upinde kiganja kikiwa kimeelekea juu. Bottesini aliushika kwa juu, kama wapiga chelo. Mitindo hiyo miwili haijafa, ukiangalia okestra yoyote leo utaona wapiga besi wanaoshika hivi na wanaoshika vile.

Havana, London, Paris

Mwaka 1846 alivuka bahari hadi Cuba pamoja na Luigi Arditi, mwenzake wa chuo cha Milano. Alikuwa mpiga besi wa kwanza kwenye okestra ya opera ya Kiitaliano pale Teatro Tacón, Havana. Opera yake ya kwanza, Cristoforo Colombo, ilionyeshwa Havana hiyo hiyo mwaka 1847. Ameingia na besi, ametoka mtunzi wa opera, na bado hajafika miaka 30.

Mwaka 1849 akajitokeza London, kwenye mikutano ya Musical Union iliyoendeshwa na John Ella. Alichopiga kinaeleza mengi: alichukua sehemu ya chelo katika kwinteti (utungo wa wapigaji watano) ya George Onslow, akaipiga kwenye besi. Fikiria wasikilizaji wanatazama chombo kile kirefu wakitegemea mngurumo, kinatoka chelo! London ikampenda na alirudi huko tena na tena kwa miongo iliyofuata.

Mwaka 1855 hadi 1857 alikuwa kiongozi wa okestra katika ukumbi wa opera ya Kiitaliano mjini Paris, na mwaka 1856 akaonyesha huko opera yake L'assedio di Firenze. Baadaye Palermo, baadaye Barcelona. Kila alipoongoza, alikuwa na desturi moja ambayo naipenda kupita zote. Tendo la opera likiisha na watu wakisubiri linalofuata, aliitoa besi jukwaani na kupiga fantasia aliyoitunga juu ya nyimbo za opera ile ile waliyokuwa wanaisikiliza. Soprano ametoka kuimba, machozi ya watu hayajakauka, halafu kiongozi wa okestra anapanda na kuimba upya yale yale kwa nyuzi tatu.

Ndiyo maana nasema besi na opera kwake vilikuwa kazi moja. Fantasia zake juu ya Lucia di Lammermoor ya Donizetti na La sonnambula ya Bellini usizisikilize kama mazoezi ya vidole. Sikiliza anapovuta pumzi kabla ya noti ya juu, anavyochelewesha, anavyoteremka. Huyo ni mtu aliyesimama miaka mingi mbele ya waimbaji akiwafuata midomo.

---

Mzee wa Fidla

Mleta uzi, umeandika kwa moyo na nakupongeza. Lakini niruhusu nitofautiane nawe kidogo.

Nimepiga fidla maisha yangu yote. Fantasia juu ya opera za wengine ilikuwa biashara ya zama zile, kila gwiji alikuwa nazo. Ni muziki wa kuazima. Opera zake mwenyewe ziko wapi leo? Nani anaimba Cristoforo Colombo? Mtunzi hupimwa kwa kile kinachobaki. Bottesini namheshimu kama mpigaji, lakini mtunzi mkubwa sidhani.

---

Nyuzi Tatu (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito, siikwepi.

Kweli, opera zake zimenyamaza. Alitunga Il diavolo della notte, Marion Delorme, Alì Babà iliyoonyeshwa London mwaka 1871, na La regina del Nepal. Iliyopata nafasi nzuri zaidi ni Ero e Leandro, Torino 1879, ambayo mashairi yake yaliandikwa na Arrigo Boito. Boito alikuwa ameyaandika kwanza kwa ajili yake mwenyewe, kisha akamwachia Bottesini. Huyu ni Boito yule yule aliyekuja kumwandikia Verdi Otello na Falstaff. Kwa hiyo hakuwa mtu wa pembezoni, lakini alikuwa anatunga opera katika nchi na zama za Verdi. Ukiishi chini ya mbuyu ule, mche wako unapata jua kidogo.

Ila mzee, kuna mambo mawili nakuomba uyapime. La kwanza, Bottesini hakuishia kwenye kuazima. Zipo koncheto, zipo Elegia, zipo kwarteti za nyuzi na kwinteti, ipo Requiem ya mwaka 1880. Elegia yake ya kwanza, ile ya D kubwa, haina wimbo wa mtu mwingine ndani yake. Ni aria isiyo na maneno. Ungeikabidhi kwa tenori akaiimba, usingehisi kwamba ilizaliwa kwenye chombo.

La pili ni Gran Duo Concertante. Awali aliiandika kwa besi mbili. Camillo Sivori, mpiga fidla aliyekuwa mwanafunzi wa Paganini, akaipanga upya sehemu moja iwe ya fidla. Leo hupigwa zaidi hivyo, fidla na besi bega kwa bega. Mzee wangu, hiyo ni ya kwako pia. Itafute uipige, kisha urudi.

---

Bibi Sauti

Mimi nimekuja kwa ajili ya Cairo, kichwa cha uzi kimeniahidi. Mwanangu, usituzungushe, tupeleke Misri.

---

Nyuzi Tatu (mleta uzi)

Mama, twende.

Cairo, 24 Desemba 1871

Mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alikuwa anaijenga Cairo kwa sura mpya wakati Mfereji wa Suez unafunguliwa. Mfereji ulifunguliwa rasmi Novemba 1869, na jumba la opera la Cairo, lililojengwa kwa mbao nyingi na kwa haraka ya miezi michache, lilikuwa limefunguliwa siku chache kabla, tarehe 1 Novemba, kwa Rigoletto ya Verdi. Wengi huamini Aida, opera nyingine ya Verdi, ndiyo iliyofungua jumba au mfereji. Si kweli, wakati huo Aida haikuwa hata imeanza kutungwa.

Ismail alitaka opera mpya, ya Kimisri, kutoka kwa mtunzi mkubwa. Wazo la hadithi lilitoka kwa Auguste Mariette, Mfaransa mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri, mashairi yakaandikwa na Antonio Ghislanzoni, na Verdi akalipwa faranga 150,000. Onyesho lilipangwa Januari 1871.

Hapo vita vikaingia. Prussia na Ufaransa walikuwa wanapigana, na kuanzia Septemba 1870 Paris ilizingirwa. Mapambo ya jukwaa na mavazi yote ya Aida yalikuwa yanatengenezwa Paris, na Mariette aliyekuwa akiyasimamia akakwama humo. Opera ya Misri ikasubiri karibu mwaka mzima kwa sababu ya mizinga ya Ulaya.

Mambo yalipotulia, Verdi hakwenda Cairo. Aliyekabidhiwa okestra, waimbaji na partitura (maandishi ya muziki wote) ile mpya ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ni rafiki yake Bottesini, aliyekuwa akiongoza opera ya Kiitaliano kwa Khedive. Verdi alikuwa mbali, hana rekodi, hana simu, ana barua tu. Alimwandikia Bottesini kumwomba habari za mazoezi, na kilichomhangaisha hasa ni ule mwisho, wimbo wa wapenzi Radamès na Aida wakiwa wamefungiwa kaburini wakiwa hai. Alitaka kujua sauti ile inakaaje ukumbini. Kwa mtunzi, kumuuliza mtu swali la namna hiyo ni kumkopesha masikio yako.

Tarehe 24 Desemba 1871 fimbo ya Bottesini ikateremka, Aida ikasikika duniani kwa mara ya kwanza. Wakazi wa kawaida wa Cairo hawakuwa na nafasi pale, ukumbi ulijaa wakubwa, wageni na waandishi, na jambo hilo halikumpendeza Verdi. Yeye aliihesabu ile ya ukumbi wa La Scala, Milano, tarehe 8 Februari 1872, kuwa ndiyo uzinduzi hasa. Hata hivyo historia imeshika ya Cairo.

Jumba lenyewe halipo tena. Liliungua Oktoba 1971, miezi miwili tu kabla ya kutimia miaka mia moja ya usiku ule.

---

Bibi Sauti

Ahsante mwanangu. Nimeiimba sehemu ya kwaya ya Aida ujanani na sikuwahi kujua jina la aliyeiongoza mara ya kwanza. Tulifundishwa Verdi, tulifundishwa Khedive, tukafundishwa na mfereji ambao kumbe hauhusiki. Mpiga besi hakutajwa.

Nina swali. Kama walikuwa marafiki, je, Verdi aliwahi kuiandikia besi chochote cha maana? Au urafiki uliishia kwenye barua?

---

Upinde

Mama, umegusa penyewe, naomba nilijibu hili kwa sababu nalicheza.

Kwenye Rigoletto, ya mwaka 1851, kuna usiku ambapo Rigoletto anakutana na Sparafucile, muuaji wa kukodiwa. Waimbaji wanazungumza kwa sauti ya chini, na chini yao chelo moja na besi moja, zote zimezibwa sauti kwa kibanio, zinaimba wimbo wa polepole kwa pamoja. Wimbo halisi uko kwa vyombo hivyo viwili, waimbaji wanaongea tu juu yake. Besi imepewa nafasi ya mwimbaji.

Na kwenye Otello, ya mwaka 1887, tendo la mwisho. Desdemona amelala, mlango unafunguliwa, Otello anaingia kumuua. Okestra nzima inanyamaza, zinabaki besi peke yake. Zinaanzia kwenye noti ya chini kabisa, zinapanda taratibu kama mtu anayenyata. Wapiga besi duniani kote wanaulizwa kipande hicho kwenye usaili wa kazi, kwa sababu ukikosea sauti pale hakuna mwingine wa kukuficha.

---

Nyuzi Tatu (mleta uzi)

Upinde, umenikumbusha jambo ambalo huniuma kila nikilifikiria.

Kwenye kipande hicho cha Otello, Verdi aliandika kwamba kipigwe na besi za nyuzi nne tu. Noti ile ya kuanzia, E ya chini, iko kwenye uzi wa nne. Besi ya Testore ya Bottesini, yenye nyuzi tatu, haikuwa na uzi huo. Ukurasa wa besi wenye nguvu kuliko wowote ambao rafiki yake aliuandika, yeye kwa chombo chake asingeweza kuuanza. Miaka miwili na ushei baadaye alikuwa amefariki.

Parma

Mwisho wake ulikuwa mfupi. Mapema mwaka 1889, kwa pendekezo la Verdi, aliteuliwa mkurugenzi wa chuo cha muziki cha Parma. Aliyeingia Milano kwa nafasi iliyobaki sasa anasimamia nani aingie. Alikaa kwenye kiti hicho miezi michache, akafariki Julai. Amezikwa Parma, makaburi ya Villetta, alimozikwa pia Paganini.

Besi ya Testore ikauzwa, ikapita mikono kadhaa, na hatimaye ikafika Japani. Kitabu chake cha kufundishia besi bado kinatumika. Na Crema wanafanya mashindano ya kimataifa ya besi yanayobeba jina lake.

---

Kijana wa Kwaya

Mkuu, baada yake ilikuwaje? Alitokea mwingine, au mlango ulifungwa?

---

Nyuzi Tatu (mleta uzi)

Haukufungwa. Serge Koussevitzky, Mrusi aliyezaliwa 1874, naye alianza kwa besi, na koncheto yake ya F kali ndogo ni moja ya zinazopigwa zaidi hadi leo. Kama Bottesini, naye akaishia kwenye fimbo: aliiongoza okestra ya Boston kuanzia 1924 hadi 1949. Siku hizi yupo Edgar Meyer wa Marekani, mpigaji na mtunzi. Ameirekodi Gran Duo pamoja na mpiga fidla Joshua Bell, ni rekodi nzuri ya kuanzia.

Na kijana wangu, mtafute Chi-chi Nwanoku, Mwingereza ambaye baba yake ni Mnigeria. Ujanani alikuwa mwanariadha wa mbio fupi, goti likaumia, akahamia kwenye besi. Ni mmoja wa waasisi wa Orchestra of the Age of Enlightenment, na mwaka 2015 akaanzisha okestra ya Chineke! ambayo wengi wa wanamuziki wake ni Weusi na wa asili mbalimbali. Okestra nzima imeanzishwa na mtu wa safu ya nyuma.

Kwa kusikiliza, nakupendekezea uanze na Elegia ya D kubwa. Vaa spika za masikio, kwa sababu spika ndogo za simu zinaimeza nusu ya chini na utadhani ni chelo tu.

---

Mzee wa Fidla

Nimerudi, kama nilivyoagizwa.

Nimeitafuta Gran Duo, nimeipata sehemu ya fidla, nimeifanyia kazi jioni mbili, na mtu wa besi amekuja tukaipitia polepole. Sijabadili msimamo wangu kuhusu opera zake, maana sijazisikia. Lakini kuna mahali kwenye kazi hii besi inachukua wimbo juu kabisa, na mimi wa fidla nimeachiwa mapambo: vinoti vidogo vidogo vya kuzungukazunguka. Mwanzoni nilipiga kwa nguvu kama nilivyozoea. Mwenzangu akasimama, akaniambia simsikii. Tukarudia. Ikabidi nishushe upinde wangu, nipunguze, nimpishe. Sikumbuki mara ya mwisho nilipompisha mpiga besi.

---

Nyuzi Tatu (mleta uzi)

Mzee wangu, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mkifika kile kipande chenye kasi cha mwishoni, mwambie mwenzako aachie gumba lake litulie kwenye uzi, asilinyanyue. Na wewe endelea kumpisha.